Rangi ya Gauni la Naomi

Nekesa ameniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki dukani, mradi isiwe hotuba. Hotuba sina. Siku ya kuniaga mlinipa keki na blanketi, mkasema mambo mazuri juu ya mtu ambaye nilijaribu kumtambua nikashindwa, nikala keki, nikaja zangu hapa Kaptembwo. Blanketi ni zuri. Julai ya Nakuru haina mchezo, hasa kwa mtu ambaye sasa anabaki nyumbani asubuhi akisikiliza mageti ya majirani yakifungwa, wenzake wakienda kazini.

Majirani wakisikia nimestaafu kutoka duka la diski za muziki, swali lao la kwanza ni kama maduka hayo bado yalikuwepo. Nyinyi wenyewe mmelikuta likihamisha harusi za watu kutoka kwa kaseti kwenda kwa simu, na mbele kunauzwa chaja, kwa hivyo siwalaumu mkidhani ndivyo lilivyokuwa siku zote. Nitawaeleza kidogo lilivyokuwa. Halafu nitawaeleza kazi moja ya mama mmoja wa Mau Narok, kwa sababu ndiyo kazi niliyoimaliza siku ile ile ya keki, nyinyi mkinigongea mlango wa chumba cha nyuma mkidhani nimejificha nilie.

Duka lilikuwa la Mzee Wafula, babake Nekesa. Baba wa Mzee alikuwa mtu wa reli, aliletwa Nakuru kutoka magharibi akiwa kijana, akazeeka hapa, lakini mpaka mwisho alisema nyumbani ni Bungoma. Mzee Wafula alizaliwa katika nyumba za reli, na aliniambia kwamba mapenzi yake ya muziki yalianza kwa redio ya jirani, iliyosikika ukutani hata kama hutaki. Alipokuwa mtu mzima hakutosheka na kusikia, alitaka kuwaona wanaopiga. Akaanza kukusanya video za muziki, kaseti kwanza, kisha diski zilipoingia: rumba ya Wakongo waliohamia Ulaya, benga za kutoka kando ya ziwa, kwaya za kila dhehebu linalopatikana chini ya jua. Mtu akisafiri ng'ambo, hata kama ni kwenda kusoma udaktari, Mzee alimwagiza diski. Wengine waliacha kumuaga kwa sababu hiyo.

Siku yangu ya kwanza sikuuza chochote. Mzee alinipa diski moja, akasema, shika. Nikaishika kama sahani. Akaninyang'anya, akanipa nyingine. Ilinichukua asubuhi nzima kujifunza kwamba diski hushikwa kwa ukingo, kidole kimoja kikiwa kwenye tundu, na kwamba ukiifuta unatoka katikati kwenda nje, huzungushi kitambaa kama unayeosha sufuria. Mchana nilimuuliza kama kesho nitafundishwa kuuza. Akasema kuuza hakufundishwi, watu watakuja wenyewe na maneno mengi, kazi yako ni kuwaondolea mafuta ya chapati kwenye diski wanazoazima na kurudisha. Alisema kweli. Nimefuta mafuta ya chapati zaidi ya mtu yeyote katika Bonde la Ufa, na hakuna mtu aliyewahi kukiri kwamba ni yake.

Nyuma ya kaunta palikuwa na rafu ndefu iliyoandikwa kwa mkono wa Mzee, "Hizi hapana". Hizo ndizo zilikuwa zake, hazikuuzwa wala kuazimwa. Alizitunza vizuri kuliko alivyojitunza yeye mwenyewe, na mke wake alikuwa akisema hivyo mbele yake, naye hakubisha.

Sasa niwaeleze shida ambayo ndiyo ilitupa kazi. Dunia haikukubaliana jinsi ya kutengeneza picha ya televisheni. Sisi tulirithi mfumo wa PAL kutoka kwa Waingereza, pamoja na ratiba ya chai. Wamarekani wana wao, NTSC. Wafaransa, kwa kawaida yao, wakajitafutia wa tatu. Mzee hakupenda majina hayo ya herufi, kwa hivyo kwetu dukani kulikuwa na "yetu", "yao" na "ya Mfaransa". Ukiweka diski ya mfumo wao kwenye televisheni iliyojua mfumo wetu peke yake, picha ilipanda kama pazia linalovutwa bila kufika mwisho, au ikitulia, inatulia bila rangi. Watu wote wa kijivu. Wateja wengi hawakujua kwamba TV ndiyo ina shida. Walidhani muziki huo ni wa zamani sana.

Juu ya hapo kulikuwa na mambo ya maeneo. Waliotengeneza DVD waliigawa dunia vipande, ili diski ya kipande kimoja isikubali kuwaka kwa mashine ya kipande kingine. Kenya tuliwekwa eneo la tano, pamoja na Warusi na Wahindi. Miaka yote niliyokaa kwenye kaunta ile sikuona Mrusi hata mmoja akija kuazima benga, na diski halisi iliyoandikwa eneo la tano ilikuwa kitu cha kuitana kwenda kuangalia. Kila kitu kizuri kilitoka eneo la kwanza au la pili, na kila mashine iliyouzwa hapa ilikikataa. Dawa ilikuwa kwenye rimoti. Unafungua trei, unabonyeza tarakimu fulani kwa mpangilio, mashine inakuuliza unataka eneo gani, unaipa sifuri, na kuanzia hapo inakubali dunia yote. Kila aina ya mashine ilikuwa na tarakimu zake. Mafundi wa mjini walizificha kama siri za kanisa, lakini Mzee Wafula alimpa yeyote aliyeuliza.

Chumba cha nyuma kilikuwa na televisheni kubwa ya mifumo yote, ambayo Mzee aliinunua kwa familia ya wageni waliokuwa wakihama Gilgil. Nzito mno, ilibebwa na wanaume na maneno yasiyofaa. Hapo ndipo aliponifundisha kurekebisha rangi, na hilo ndilo somo ninalotaka mlibebe. Mfumo wao una tabia ya kuteleza rangi. Ukigeuza kidogo, nyuso zinakuwa za kijani, ukigeuza zaidi zinakuwa za zambarau, na hujui ukweli uko wapi. Mzee alisema usiangalie uso wa mtu, kwa sababu nyuso zinadanganya. Tafuta kwenye picha kitu ambacho unajua rangi yake bila shaka. Mstari wa manjano wa matatu. Sukuma wiki. Bendera. Hicho kikikaa sawa, vingine vyote ni kweli, upende usipende.

Nilikuwa bado mgeni kazini, ingawa nimeanza kuaminiwa na rimoti, alipoingia Mama Naomi. Alikuwa ameleta viazi sokoni kutoka Mau Narok, buti zake zina udongo mweusi wa huko juu, na diski ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa ndani ya kikapu. Aliifungua pole pole juu ya kaunta. Niliona tangu mwanzo kwamba ameishika kwa ukingo, kidole kwenye tundu. Hakuna aliyemfundisha.

Alinieleza bila haraka. Naomi alikuwa kifungua mimba wake, aliyekuwa akiongoza kwaya ya vijana. Wageni kutoka Amerika waliokuja kutembelea kanisa lao waliwarekodi wakiimba kule Kariandusi, mbele ya zile kuta nyeupe zinazochimbwa udongo mwepesi kama unga. Wageni wakarudi kwao na picha. Wiki chache baadaye Naomi akaugua ini, na haikuchukua muda. Diski ilifika kwa posta baada ya mazishi, nzuri, na jalada la kung'aa, wageni wakiwa hawana habari kwamba anayeimba mbele hayuko. Mashine ya nyumbani ikaikataa. Fundi mmoja wa Gilgil akaifungua kwa rimoti, diski ikawaka, lakini TV yao ndogo ikaonyesha kijivu. Wameitazama kijivu tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Ibada ya ukumbusho ilikuwa inakaribia, na wadogo zake Naomi walitaka kushona nguo za rangi ile aliyoimba nayo. Magauni ya siku hiyo kwaya iliyaazima kutoka kanisa lingine, ikayarudisha, na yeye mama hakuwepo kuyaona. Wanakwaya waliulizwa, mmoja akasema zambarau, mwingine akasema zambarau ya nini. Baba Naomi, ambaye ndiye aliyempeleka Kariandusi na kukaa naye siku nzima, alisema kijani, halafu akasema kwani rangi ya nguo ni kazi ya mwanamume.

Hapo alicheka kidogo, akaniambia kisa ambacho mumewe hukisimulia kila wanapowasha diski. Kabla ya kurekodi, wasichana wenzake walimwambia Naomi kwamba macho yake yana kitu. Akamwendea baba yake amwangalie. Baba Naomi akamwangalia, akamwambia ni hili vumbi la Kariandusi, nawa uso uende uimbe. Akanawa, akaimba, na hakuna siku aliyoimba vizuri kama hiyo. Baba Naomi akifika hapo kwenye kisa, mama alisema, huwa anajisikia kama ni yeye aliyeimba.

Nilimwambia arudi siku ya soko itakayofuata, rangi itakuwa imepatikana. Nilisema kwa majivuno. Ilikuwa kazi rahisi.

Nilikaa nayo mchana mmoja wateja wakiwa wachache. Picha ilikuja yote, nzito kwa rangi, imetelezea zambarau. Nikakumbuka nilivyofundishwa, nikatafuta kitu ninachokijua, na kilikuwa mbele yangu chote: ukuta wa Kariandusi. Kila mtu aliyepita barabara ile anajua ukuta huo ni mweupe. Nikageuza rangi pole pole mpaka ukuta ukawa mweupe kama ulivyo, na magauni yakatulia yakawa ya bluu, ile bluu ya mbinguni asubuhi. Nikafurahi. Ubeti wa pili, kamera ikamsogelea Naomi usoni, na macho yake yalikuwa ya manjano.

Nilirudisha nyuma, nikaangalia tena. Nikageuza rangi. Macho yakawa meupe, lakini ukuta ukawa wa samawati na nyuso za wasichana wote zikawa kama za wafu. Nikarudisha ukuta uwe mweupe, manjano yakarudi. Nikamwita Mzee.

Alisimama mlangoni, hakuingia. "Ukuta ni mweupe?" akaniuliza.

"Mweupe."

"Na macho ya wenzake?"

"Meupe."

"Basi ni hayo," akasema, akavua miwani yake, akaifuta ingawa haikuwa na kitu.

Tulizungumza muda mrefu, duka likiwa wazi na mtu akipiga sarafu kwenye kaunta bila kuhudumiwa. Mzee alisema mama aliuliza gauni tu, tunaweza kumwambia ni bluu, tukampa kipande cha kitambaa kinachofanana, akaenda na amani. Nilimwambia atataka kumwona mtoto wake. Mzee akakubali kwamba diski ni ya mwenyewe. Sisi tunageuza mfumo, alisema, hatugeuzi yaliyotokea. Lakini akaniagiza nisiwashe kabla ya kumwambia, na nisimwache chumbani peke yake.

Mama Naomi alikuja amevaa vizuri kuliko mara ya kwanza. Nilimketisha, nikamwambia, "Mama, rangi imekuja yote. Si ya gauni peke yake. Kuna kitu utaona kwa uso wa Naomi." Aliniangalia kama anayengoja niendelee, nami nikashindwa kuendelea. Akasema niwashe.

Alipoona magauni alipiga makofi mara moja. "Kumbe ni bluu. Na huyo mzee wangu akasema kijani." Aliimba nao ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini, alikuwa anaujua wote. Halafu kamera ikamkaribia Naomi, naye akanyamaza. Akainuka, akaenda mpaka kwenye televisheni, akashika ncha ya kitambaa chake cha kichwa, na akapangusa kioo mahali pa macho. Akapangusa tena. Kisha akakaa chini palepale sakafuni.

Nilizima sauti. Nilikuwa nalia, yeye hakulia.

"Daktari aliniuliza macho yaligeuka lini," akasema. "Nikamwambia ni wiki hiyo tu." Akaangalia tena kioo. "Na baba yake alimwambia ni vumbi."

Kisha aliniuliza kama wangemkimbiza hospitali siku ile, ingesaidia. Nilimwambia sijui, mimi ni mtu wa diski. Mpaka leo sijui, na sijawahi kumuuliza anayejua.

Tulipotoka mbele, Mzee Wafula alikuwa ameandaa chai. Mama Naomi aliinywa yote. Halafu akatuambia anavyotaka. Ile diski yake arudishiwe vile ilivyokuja, arudi nayo nyumbani, TV yao iendelee kuionyesha kijivu. Na nakala ya rangi, ambayo nilikuwa nimemtengenezea kwa mfumo wetu, ibaki dukani, ifungiwe mahali. "Baba Naomi asiwahi kuona hii," alisema. "Hicho kisa ndicho kinamshikilia. Mkikichukua, nitabaki na nani?"

Mzee aliiweka kwenye rafu ya "Hizi hapana". Ni diski pekee isiyokuwa yake iliyowahi kukaa pale.

Ukumbusho ulifanywa, wasichana wakavaa bluu. Mama Naomi aliniambia baadaye kwamba mumewe alipoyaona magauni alisimama kidogo, akasema ndiyo, ilikuwa bluu hiyo hiyo, akaingia kwenye gari. Hakuuliza nani aliwaambia. Tuliichukulia kama tabia za wanaume, tukacheka.

Tangu hapo Mama Naomi alikuwa akipita dukani kila baada ya mavuno. Hakuomba. Alisimama tu kwenye kaunta, nami nilifungua rafu, nikamwekea, nikavuta mlango. Aliitazama mara moja, akatoka, akanywa chai, tukaongea habari za bei ya mbegu na ukungu wa viazi. Mzee hakuwahi kumpa mteja mwingine chai, nami nilimwona siku moja akimfukuza mtu aliyetaka chumba hicho kwa kazi ya maana, akimwambia kuna ibada inaendelea.

Mzee Wafula alifariki wakati ambapo vijana walishaanza kuja na flashi badala ya kuazima. Sitawaeleza mazishi, Nekesa yupo na anajua. Nitawaeleza rafu tu, kwa sababu nilikabidhiwa niikague. Nilitoa diski moja baada ya nyingine, nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha kama alivyonifundisha, na nyingi zilikuwa na madoa ya rangi ya shaba yanayotambaa kutoka ukingoni. Zilikuwa zimeoza. Hazikushikwa vibaya, hazikupigwa na jua, zilioza tu zikiwa ndani ya majalada yao. Rumba yote ile aliyoagiza kwa watu waliomkimbia uwanja wa ndege. Nilikuwa nimedhani kwamba ukikitunza kitu vizuri kitakaa, na sikuwa na wa kumlalamikia. Ya Naomi niliiangalia mwisho kwa sababu niliogopa. Ilikuwa safi.

Baadaye mkaja nyinyi na kompyuta zenu, ambazo hazijali yetu wala yao. Nimeona kijana akivuta diski ya eneo la kwanza, ya mfumo wa Wamarekani, ikafunguka kwa sekunde na yeye anatafuna muhogo wa kukaanga. Ujuzi wangu wote uliishia hapo, na nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiushuhudia.

Wiki ile ya mwisho nilimpigia Mama Naomi simu kumwambia naondoka, aje achukue yake. Alikuja asubuhi ya siku ya keki. Sasa anatembea kwa fimbo, na wakati wa kupanda ngazi alinishika mkono, nikagundua kwamba mimi pia nilikuwa namshika. Alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu kulikuwa na ile diski ya asili, kwenye kitambaa.

Alisema TV yao ndogo imekufa. Kijana wao amewaletea mpya, pana kama meza, na amepiga hesabu ya kuja Jumapili awaunganishie mashine wamwone dada yake vizuri. Nilielewa mara moja. TV za siku hizi zinajua kila mfumo. Kijivu hakikuwa kwenye diski kamwe, kilikuwa kwenye ile TV. Jumapili Baba Naomi angeona kila kitu.

Nilimuuliza kama Baba Naomi anangoja kwa hamu. Akatikisa kichwa. "Anasumbua," akasema. "Tangu hiyo kuukuu ife, anazunguka kwa mafundi Gilgil akitafuta nyingine ya zamani kama hiyo. Kijana akamwambia, baba, hii mpya ni nzuri. Akasema Naomi asiwekwe hapo. Anasema amezoea vile."

Alisema hayo akifungua kitambaa, kisha mikono yake ikasimama. Aliinua uso akaniangalia. Sikuwa na haja ya kusema, lakini nilisema, kwa sababu nilikuwa nimechoka kunyamaza kwa niaba ya watu.

"Mama, yeye alikuwepo. Aliyaona hayo macho kwa rangi kabla yetu sote."

Nyinyi mlikuwa mnasogeza viti huko mbele, nilisikia mtu akiuliza kisu kiko wapi.

"Hakuwahi kuuliza nilijuaje gauni ni bluu," akasema.

"Hakuuliza."

"Na kisa bado anakisimulia. Kila Jumapili. Mimi nikidhani namfichia." Alifunga macho. "Kumbe ananifichia mimi."

Nilimwambia labda ni wakati wa kuongea. Wameshazeeka, nikasema, watazungumza lini. Nilikuwa na maneno mengine ya busara, yale mliyoniambia ninayo siku hiyo. Mama Naomi alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza, halafu akanisukumia diski juu ya meza kwa kidole kimoja, akiigusa ukingoni tu.

"Toa rangi, Loise," akasema. "Ionekane vile TV ilikuwa inaonyesha. Tukae tu vile tumekaa."

Ile nakala ya rangi hakuichukua, aliniambia nikae nayo. Iko hapa, nimeiviringisha ndani ya blanketi lenu, na nyumba yangu haina mashine ya kuiwasha. Lakini aliomba aitazame mara ya mwisho kabla sijaanza, nikamwekea. Ukuta mweupe, gauni la bluu. Ubeti wa pili hakusimama wala hakupangusa kioo, alimwangalia mtoto wake machoni mpaka mwisho wa wimbo. Hapo ndipo mlipogonga mlango, nami nikawaambia nakuja.

Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kurudisha rangi mahali ilipopotea. Nikaingiza diski kwenye kompyuta nimtolee nakala ya kijivu, nikashika kitufe cha rangi, nikakivuta pole pole kwenda chini ili Mama Naomi aone na kuridhika. Gauni lilianza kufifia, kisha nyasi, kisha nyuso za wasichana. Mwisho kabisa, macho ya Naomi yakawa sawa na ya wenzake.